Kiti cha Mkurugenzi Mkuu: Kampuni, Shirika la Serikali au Biashara ya Baba?

Binti wa dada yangu ana miaka 34. Ni mkuu wa fedha katika kampuni ya usafirishaji pale Shimanzi, Mombasa, cheti cha uhasibu cha CPA anacho, na mwaka huu milango mitatu imemfungukia kwa mpigo. Kampuni yake imemdokezea kwamba akivumilia miaka michache atafikiriwa kwa kiti cha juu. Shirika moja la serikali hapa mjini limetangaza nafasi ya naibu mkurugenzi wa fedha. Na babake, mwenye duka la jumla la nafaka na viungo Marikiti, amechoka, yuwamtaka arudi ashike biashara. Alikuja kwangu Jumapili jioni, akaketi barazani, kahawa ikapoa bila yeye kuigusa. "Mama mdogo," akaniuliza, "lau ungekuwa wewe, ungekamata lipi?"

Sikumjibu siku ile. Mimi ni katibu wa kampuni: naandika kumbukumbu za vikao vya bodi na kuangalia kwamba sheria imefuatwa. Kwa miaka 19 nimekaa mwisho wa meza nikiwatazama wakurugenzi wakuu wakija na wakiondoka, wa kampuni binafsi, wa mashirika ya umma, na wa biashara za familia zilizokubali kusajiliwa. Jibu langu nimeliandika hapa, limfae yeye na wengine waliosimama kwenye njia panda hiyo hiyo.

Nitapima kwa nini

Wengi hukipima kiti hiki kwa mshahara na gari. Mimi nina vipimo vitano, na cha kwanza kwangu ni kizito kuliko vinne vilivyobaki vikiwekwa pamoja: nani anakuweka, na nani anaweza kukuondoa. Kisha njia ya kufika na muda wake. Kisha kazi yenyewe ya kila siku. Kisha pesa, pamoja na kile unachobaki nacho ukishatoka. Mwisho ni mahali, maana kwa mtu wa Mombasa kuambiwa ahamie Nairobi si jambo dogo.

Njia ya kuanzisha kampuni yako mwenyewe nimeiacha. Huko hakuna wa kukuajiri, na maswali yake ni mengine kabisa.

Nani anakuweka, nani anakuondoa

Kwenye kampuni, bodi ndiyo inayokuajiri, na nyuma ya bodi wako wenye hisa. Mkurugenzi mkuu mara nyingi huwa ni mwajiriwa na papo hapo ni mjumbe wa bodi. Ajira yake bodi huikata kwa masharti ya mkataba. Ujumbe wake, kwa Sheria ya Makampuni ya 2015, wenye hisa wanaweza kuuondoa kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, hata kama muda wake haujaisha. Nimeona vijana wengi wakisaini mikataba minene bila kujua kwamba kifungu hicho kipo.

Nakumbuka kikao kimoja, kampuni siitaji. Mkurugenzi mkuu alimaliza kusoma taarifa ya robo mwaka, mwenyekiti akavua miwani akamwambia, "Tupishe kidogo, bwana." Akatoka. Simu aliisahau mezani, ikawa inatetemeka kila baada ya dakika chache, jina la mkewe likiwaka. Chai yake hakuwa ameinywa, na dakika arubaini baadaye ilikuwa imefanya utando. Aliporudi aliambiwa maneno machache tu, nami nikaandika sentensi moja: bodi imeazimia kutoongeza mkataba. Miaka 11 alikuwa pale. Ile simu nilimpelekea mimi mwenyewe hadi kwenye lifti.

Lakini ni haki kusema upande wa pili. Kiti cha kampuni ndicho kinachoweza kuwa kirefu kuliko vyote, matokeo yakiwapo na wenye hisa wakiwa wametulia. Gideon Muriuki ameiongoza Co-operative Bank tangu 2001. Cha kuchunga ni siku wenye hisa wanapobadilika. Bamburi Cement, kampuni iliyoanza mwaka 1951 na ambayo kila mtu wa Pwani anaijua, ilinunuliwa na Amsons Group ya Tanzania mwishoni mwa 2024. Kiwanda ni kile kile, wenye kauli ya mwisho ni wapya.

Kwenye shirika la serikali, bodi hutangaza nafasi, huhoji na hupendekeza majina, lakini mkono wa wizara uko karibu mno. Mikataba mingi ni ya miaka 3, nayo huongezwa mara moja tu utendakazi ukiridhisha. Kwenye karatasi ni utaratibu safi: kuna kanuni za utawala wa mashirika ya umma za mwaka 2015, zinazoitwa Mwongozo, kuna mkataba wa utendakazi, kuna tathmini. Sasa tazama jirani yetu sote, Halmashauri ya Bandari. Gichiri Ndua aliondoka mapema 2016. Akaja Catherine Mturi-Wairi, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile, hadi 2018. Akafuata Daniel Manduku hadi Machi 2020. Rashid Salim akakaimu, John Mwangemi akakaimu kuanzia 2021, mpaka Kapteni William Ruto alipoteuliwa 2023 (majina tu yamelingana, si Rais). Watu sita katika muda wa miaka saba, wawili wakiwa makaimu. Sisemi nani alikosea wala nani alionewa. Nasema mtu anayekiomba kiti cha namna ile apange maisha yake akijua kwamba miaka mitatu yaweza kuwa miwili.

Kwenye biashara ya familia, anayekuweka ni baba, kwa neno la mdomo, na kinachoweza kukuondoa ni kifo chake. Hapa ndipo wengi hawapaangalii, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Biashara iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja haina uhai wake peke yake. Mwenyewe akifariki, duka, stoki, pesa za benki na madeni yote huingia kwenye mirathi. Kwa familia ya Kiislamu mirathi hiyo huenda kwa Kadhi, ambaye mahakama yake imo ndani ya Katiba, kifungu cha 170. Mtoto wa kiume atachukua mafungu mawili, wa kike moja. Binti aliyefungua duka alfajiri kwa miaka kumi anaweza kujikuta na fungu dogo kuliko la kakake aliyekuwa Dubai muda wote. Sheria ya Mwenyezi Mungu sina neno nayo, na nimeona ndugu wengi wakikaa wakapatana kwa uzuri kabisa. Ninachotaka mtu aelewe ni kwamba fungu la mali na cheo cha kuendesha ni vitu viwili, na cheo hakigawiwi na Kadhi. Wasia nao hausaidii sana, maana hauzidi thuluthi, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Kinachosaidia ni baba kusajili kampuni akiwa hai, akamkabidhi mtoto hisa zake akiwa hai, kwa hati na kwa ukabidhi wa kweli, ndugu wote wakiwa wamekaa pale wanasikia.

Kampuni binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haujafika shilingi milioni 5 hailazimiki kisheria kuwa na katibu. Tafuteni mmoja hata hivyo, japo wa kulipwa kwa kazi. Ugomvi mwingi wa ndugu niliousikia ulianza kwa maneno "baba alisema", na hakuna aliyeandika.

Njia ya kufika

Zamani ilidhaniwa kwamba kiti cha juu ni cha watu wa mauzo au wa uhandisi. Siku hizi mlango ni mpana. Joshua Oigara alikuwa afisa mkuu wa fedha wa benki ya KCB kabla ya kuwa mkurugenzi mkuu 2013. Aliyempokea mwaka 2022, Paul Russo, aliingia KCB kama mkuu wa rasilimali watu, kisha akapelekwa kuiendesha National Bank. Rita Kavashe alianza na ualimu, akajiunga na General Motors East Africa mwaka 1995, akakalia kiti cha mkurugenzi 2011. Nikiwatazama hao wawili wa mwisho naona hakuna aliyengoja kiti akiwa amekaa pale pale. Kila mmoja alipewa au aliomba kazi iliyomtoa kwenye fani yake. Kwa mkuu wa fedha, ushauri wangu ni huo: omba kuendesha kitengo chenye wateja na hasara zake, hata kama ni yadi ndogo tu ya makontena kule Changamwe. Na ujue pia kwamba bodi inaweza kumleta mtu wa nje. Peter Ndegwa alitoka kampuni ya vinywaji ya Diageo akaingia Safaricom kama mkurugenzi mkuu Aprili 2020.

Serikalini njia imeandikwa kwenye tangazo: shahada, mara nyingi na ya uzamili, miaka kadhaa kwenye uongozi wa juu, na vile vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu wa viongozi. Tangazo likitoka watu huanza kukimbia: cheti cha kodi cha KRA, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cha CRB (rekodi ya kulipa mikopo), cha tume ya maadili, na cha tabia njema cha polisi. Nimewajua watu wenye sifa zote waliokwama kwa deni la HELB walilolisahau tangu chuo kikuu. Anza na faili hilo leo, hata kama hujaamua.

Kwenye familia huombi kazi, na wepesi huo una bei yake. Hakuna anayekufundisha kwa utaratibu. Nilipokwenda dukani kwa shemeji yangu wiki ile nyingine nilimkuta ameliweka daftari lake juu ya gunia la mchele, jalada jekundu, limefungwa kwa mpira. Ndani ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko aliojifunza chuo cha Kurani utotoni. Mteja wa Lamu anadaiwa kiasi gani, wa Lunga Lunga alipe lini, nani anasubiriwa hadi Ramadhani ipite. Hakuna mwingine katika nyumba ile anayeweza kulisoma. Huo ndio utaratibu mzima wa mikopo wa biashara inayolisha watu 14, na uko kichwani mwa mzee mmoja.

Siku inakwenda wapi

Kampuni hukupa uhuru wa kuamua haraka, na hukutwika uzito wa maamuzi ambayo wewe hukuyaanzisha. Waliokuwa kwenye malori na yadi za makontena mwaka 2019 hawajasahau. Agosti ile ilitolewa amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Malori yakalala, yadi zikakauka, mama ntilie wa Miritini wakakosa wateja. Amri ilikuja kuondolewa Septemba 2022. Mkurugenzi mkuu wa kampuni ya malori hakuulizwa maoni yake, lakini yeye ndiye aliyesimama mbele ya madereva kutaja nani abaki na nani aende. Mmoja aliniambia alikuwa anawajua kwa majina mpaka ya watoto wao.

Shirika la serikali hukupa ukubwa wa kazi ambao kampuni chache zinaweza kukupa. Uamuzi unaopitishwa kwenye bandari ya Kilindini husikika Kampala, Kigali na Juba. Ukitaka kuacha alama kwenye nchi, hapo ni mahali. Ila siku yako itakwenda kwenye saini. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, mkuu wa shirika ndiye anayebeba dhamana ya zabuni zote, na Katiba, kifungu cha 226, inasema anayeidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo, awe bado ofisini au ameshatoka. Mkaguzi Mkuu atauliza, kisha moja ya Kamati za Uwekezaji wa Umma za Bunge itakuita. Mtu asiyesoma nyaraka mpaka mwisho asiikaribie kazi hii.

Biashara ya familia haina ofisini na nyumbani. Mashauri ya stoki yatafanywa kwenye sahani ya pilau, na kumwambia ami yako kwamba hawezi kuchukua mzigo bila kulipa ni kazi ambayo hakuna shule inayoifundisha. Unachopata badala yake ni kuona kazi ya mikono yako mchana huo huo: gunia limeingia, gunia limetoka, kijana uliyemwajiri ameoa.

Pesa, na kinachobaki

Nitapita haraka. Kampuni kubwa hulipa vizuri zaidi, na ziko bonasi na wakati mwingine hisa. Shirika la umma hufuata ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, kwa hivyo hakuna miujiza, lakini mkataba ukiisha kuna kiinua mgongo, ambacho kwa kawaida hupigwa asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Kodi haiwatofautishi: tangu Julai 2023, kila shilingi ya mshahara inayozidi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35.

Familia mara nyingi hailipi mshahara kabisa, hulipa "chukua unachohitaji". Huo ndio mtego. Binti akishika duka, aandikiwe mshahara tangu mwezi wa kwanza, ajulikane amelipwa nini na hajalipwa nini. Siku ya kugawana, karatasi hiyo itamwokoa yeye na itawaokoa ndugu zake wasimdhanie vibaya. Na kinachobaki kwenye familia, mambo yakiandikwa sawasawa, ni mali yenyewe. Wale wengine wawili hutoka na jina tu na akiba waliyoweka.

Mombasa au Nairobi

Kampuni nyingi zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa zina makao makuu Nairobi. Hapa kwetu kampuni nyingi za meli ni matawi: kiti ni cha meneja, uamuzi uko Geneva kwa MSC, Copenhagen kwa Maersk, Marseille kwa CMA CGM. Anayepanda kwenye njia hii ajiandae kwa treni ya Madaraka Express ya Ijumaa jioni na watoto wanaomwona wikendi.

Serikalini Mombasa ina bahati. Bandari iko hapa, Mamlaka ya Bahari ya Kenya iko hapa, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iko Mkomani, Mamlaka ya Ustawi wa Pwani iko hapa, na chuo kikuu cha ufundi cha TUM, kilichokua kutoka ile MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya wazee wetu, kiko hapo Tudor. Mtu anaweza kufika juu kabisa bila kuuza nyumba yake ya Kizingo. Biashara ya familia, bila shaka, iko ilipo.

Kwa hali yako

Ikiwa una miaka chini ya 40, huna mtu wa kumuuguza, na uko tayari kuhama mara mbili tatu, kampuni itakukuza haraka kuliko wote. Kabla ya kusaini, soma sehemu ya kuvunja mkataba kabla ya sehemu ya mshahara: notisi ya miezi mingapi, na utalipwa nini ukiambiwa uondoke siku hiyo hiyo. Ikiwa kampuni ni ya mtu mmoja mwenye watoto wakubwa, uliza waziwazi kama kiti kile kinangojewa na mwanawe.

Ikiwa unasoma nyaraka kwa makini, una moyo wa kukataa simu ya mkubwa anayetaka zabuni ipite, na una akiba ya kuishi angalau mwaka mmoja bila kazi, shirika la umma linakufaa na linakuhitaji. Ukiwa na mikopo mingi ya benki usiende bado. Mwenye madeni ni rahisi kushikwa mkono.

Ikiwa una miaka hamsini na zaidi na umeshajenga jina kwenye fani yako, muhula mmoja serikalini waweza kuwa mahali pazuri pa kumalizia, maana usipoongezwa haikuharibii safari.

Ikiwa baba yu hai, akili zake timamu, na daftari halina msomaji mwingine, swali la kwanza ni la baba: yuko tayari kusajili kampuni na kuandika hisa mwaka huu? Akisema ndiyo, na ndugu wakasikia, rudi nyumbani kwa moyo mweupe. Akisema "mambo hayo baadaye, In Shaa Allah", msaidie Jumamosi na jioni, lakini kazi yako usiiache.

Na ikiwa hujui bado, kuna hatua zinazofaa njia zote tatu: faili la vyeti, kuomba kitengo cha kuendesha, na kukaa na mzee mara moja kwa wiki. Mpwa wangu ameanza hivyo. Ombi la shirika ameshalituma, kazini ameomba apewe yadi, na Jumamosi hii tunakwenda Marikiti sote wawili. Amenunua daftari jipya. Shemeji amekubali kumsomea lile jekundu, ukurasa kwa ukurasa, naye aandike.